Galaksi zilizobanana, taa za omena na swali la baba mdogo

Mnaofuatilia kurasa hizi mmezoea kunisikia nikizungumzia hifadhidata, simu za mkononi na programu zinazogoma usiku wa manane. Leo nawapeleka mbali kidogo, kama miaka ya nuru milioni 290 hivi. Msiogope, hesabu ni chache na tutarudi nyumbani.

Kwa mwaka mzima sasa, nikimaliza kazi ya mshahara jioni, hukaa na galaksi. Si galaksi zozote, bali zile zinazoishi kwa kubanana: nne, tano au sita zimesongamana kiasi kwamba umbali kati ya moja na jirani yake unakaribiana na upana wa galaksi yenyewe. Swali ninalolifuata ni rahisi kulisema: galaksi zikibanana namna hiyo, huzaa nyota nyingi zaidi, au huacha kuzaa?

Mimi si mwanafalaki. Ni mwandishi wa programu, mzaliwa wa Karungu, kaunti ya Migori, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Sina darubini. Nina kompyuta ya mkononi ya miaka kadhaa, intaneti ya simu ninayoinunua kwa bando, na takwimu ambazo watu wengine walizikusanya kwa gharama kubwa kisha wakaziweka wazi kwa kila mtu. Hapo ndipo utamu wote ulipo, na ndiyo sababu nawaandikia.

Tuanze na historia. Mwaka 1877, Mfaransa Édouard Stephan, akitumia darubini yenye kioo cha sentimita 80 kule Marseille, aliona vijiwingu vitano hafifu vimekaa pamoja. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba hizo ni galaksi. Leo kundi hilo linaitwa Watano wa Stephan. Mwaka 1982 Paul Hickson alipitia picha za anga zilizopigwa Palomar, Marekani, akatoa orodha ya makundi 100. Masharti yake yalikuwa kama ya mtu anayeandika programu: galaksi zisipungue nne, ziwe na ung'avu usiopishana sana, ziwe karibu karibu, na pembeni kusiwe na nyingine ya kiwango hicho. Orodha nzima ina galaksi zisizofika 500. Faili lake ni dogo kuliko picha moja ya simu yako.

Sasa njooni Sori usiku wa giza. Ukisimama ufukweni utaziona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa majini kama mji. Kuna mahali taa nne au tano zinaonekana zimekusanyika. Je, mashua hizo kweli ziko pamoja? Huwezi kujua kwa kutazama tu. Moja inaweza kuwa karibu na ufuko na nyingine nne ziko mbali huko ndani, ila kwa macho yako zimejipanga sehemu moja. Ndivyo ilivyo hata angani. Katika Watano wa Stephan, galaksi iitwayo NGC 7320 iko umbali wa miaka ya nuru milioni 40 hivi, ilhali wenzake wako karibu milioni 290. Watano kwa macho, lakini huyo mmoja ni mpita njia.

Hili tunalijua kwa mwanga wa kawaida, huu tunaouona kwa macho. Mwanga wa galaksi ukipitishwa kwenye mche wa kioo au chombo kinachoutawanya rangi kwa rangi, unaonyesha mistari ya elementi kama haidrojeni. Galaksi inayokwenda mbali nasi, mistari yake husogea upande wa wekundu, na kadiri inavyokuwa mbali ndivyo inavyosogea zaidi. Hickson na wenzake walipopima mwendo huo, mwaka 1992 walitangaza kwamba makundi 92 kati ya 100 yana angalau galaksi tatu zinazokwenda pamoja kweli kweli. Kwa hiyo orodha ilisimama, ingawa wapita njia wamo.

Niwape kipimo cha kwetu cha muda. Wanasayansi wa mambo ya kale wanaijua Karungu tangu miaka ya 1910, kwa sababu ya mifupa iliyopatikana kwenye miamba yetu. Mmojawapo wa wanyama hao ni Deinotherium, ndugu wa mbali wa tembo, ambaye pembe zake zilitoka taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Aliishi hapa miaka milioni 17 hivi iliyopita. Mnyama huyo alipokuwa akitembea Karungu, mwanga wa NGC 7320 tunaoupokea leo ulikuwa tayari umevuka nusu ya safari yake. Na mwanga wa wale wenzake wanne uliondoka kabla dinosaria wa kwanza hajatokea duniani.

Haya, turudi kwenye swali la kuzaa nyota. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi baridi, na mawingu hayo yana vumbi. Nyota changa zilizo kubwa ni kali mno: hutoa mwanga mwingi wa bluu na urujuani, na huifanya haidrojeni iliyo jirani ing'ae kwa rangi maalum nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Ukipiga picha ya galaksi kwa kichujio kinachopitisha rangi hiyo tu, unaona moja kwa moja mahali panapozaliwa nyota. Shida ni lile vumbi. Linafunika.

Hapa ndipo mwanga wa infraredi unapokuja. Wanaokausha mbuta kwa moshi wanajua: ukipita nje ya tanuri huoni moto wala samaki, kila kitu kimezibwa na udongo. Lakini weka kiganja chako ukutani. Joto la ukuta litakuambia kama ndani mna moto mkubwa au majivu matupu. Vumbi la galaksi ni ukuta huo. Linameza mwanga wa nyota changa, linapata joto, kisha linautoa upya kama infraredi. Kwa hiyo mwanga wa kawaida unakuonyesha moto unaochungulia kwenye matundu, na infraredi inakupa ule uliofichwa. Ukitumia mmoja tu, hesabu yako itapungua. Vikijumlishwa, unapata makadirio ya jua ngapi zinazaliwa kwa mwaka. Galaksi yetu ya Njia ya Maziwa huzaa nyota zenye uzito wa kama jua moja au mawili kila mwaka. Si nyingi!

Infraredi nyingi haifiki ardhini, kwa sababu mvuke wa maji angani huizuia, na hewa yenyewe kwa kuwa ina joto hung'aa katika mwanga huo huo. Kwa hiyo watu hupeleka darubini juu. Spitzer ya Marekani ilifanya kazi kuanzia 2003 hadi Januari 2020. WISE ilirushwa Desemba 2009 ikapiga picha anga lote katika mawimbi manne: maikromita 3.4, 4.6, 12 na 22. Baada ya kupumzishwa iliamshwa tena mwaka 2013, ikaendelea hadi Agosti 2024. Zote mbili zimenyamaza, lakini takwimu zake zipo, bure, saa ishirini na nne.

Sasa kazi yangu. Mchana, ajira yangu ni kulinganisha miamala: pesa iliyotoka kwenye simu ya mteja ndiyo iliyoingia kwenye akaunti ya duka? Kila muamala una namba yake, kwa hiyo kompyuta haisumbuki. Galaksi hazina namba ya pamoja. Orodha ya Hickson inaiita hivi, orodha ya WISE inaiita vile, na nyingine ina jina la tatu. Kinachoziunganisha ni mahali zilipo angani. Programu yangu, niliyoiandika kwa Python, huchukua nukta ya galaksi kwenye orodha ya kwanza na kutafuta iliyo karibu zaidi kwenye ya pili, ndani ya upeo mdogo wa pembe. Wenzangu mnaofanya kazi za fedha, mngeizoea kwa siku moja.

Ugumu unakuja kwa sababu zimebanana. Jicho la WISE haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko sekunde 6 hivi za pembe. Galaksi mbili zinazogusana huandikwa kama moja, na wakati mwingine galaksi moja kubwa yenye mikono huandikwa kama vipande vitatu. Programu haijui. Kwa hiyo kila kundi lazima mtu alifungue picha yake na kulitazama kwa macho, kama baharia anayehesabu mashua na hataki kudanganywa na taa.

Baada ya kusafisha, hesabu ni fupi. Nachukua ung'avu wa galaksi kwenye maikromita 3.4, ambao hutoka hasa kwa nyota kongwe, halafu ule wa maikromita 12, ambao katika galaksi inayozaa hutoka kwa vumbi na molekuli za kaboni zilizopashwa moto na nyota changa. Nagawanya cha pili kwa cha kwanza. Uwiano ukiwa mkubwa, galaksi inazaa. Ukiwa mdogo, imezeeka.

Nilitarajia kuona mstari laini, kutoka changa hadi kongwe. Sivyo. Zinajigawa malundo mawili: zinazozaa kwa nguvu upande huu, zilizonyamaza upande ule, na katikati chache mno. Si mimi niliyeligundua hilo. Kelsey Johnson na wenzake waliliona mwaka 2007 kwa kutumia Spitzer katika makundi 12 ya Hickson. Mwaka 2016, utafiti uliotumia WISE na makundi mengi zaidi ulionyesha kwamba katikati si patupu kabisa, ni kama bonde lenye wakazi wachache. Maana yake ni nini? Kama galaksi zingepoa polepole, tungezikuta nyingi njiani. Uchache wao unaashiria kwamba safari ya kutoka kuzaa hadi kunyamaza huenda haraka. Kubanana kunaharakisha mambo.

Na gesi inakwenda wapi? Mwaka 2001, timu iliyoongozwa na Lourdes Verdes-Montenegro ilipima haidrojeni ya makundi haya kwa darubini za redio, ikakuta kwa jumla yana kama asilimia 40 tu ya kiasi kilichotarajiwa. Kuna makundi machanga yenye gesi bado, kama HCG 31, ambako galaksi ndogo zinagongana na kuzaa nyota kwa fujo. Katika Watano wa Stephan jambo ni tofauti: galaksi moja imevamia kundi kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa sekunde, na kati yao kuna ukuta wa gesi iliyogongwa. Spitzer ilikuta hapo haidrojeni ya molekuli kwa wingi. Ungedhani patazaliwa nyota tele. Wapi! Gesi imevurugika mno, haitulii ikajikusanya. Julai 2022, darubini ya James Webb ilitoa picha ya kundi hilo iliyounganishwa kutoka faili karibu 1,000, na mawimbi hayo ya mgongano yanaonekana waziwazi.

Sasa nieleze kwa nini haya si ya kujifurahisha tu.

Mapema mwaka huu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alipata nafasi ya kusoma falaki na fizikia chuo kikuu. Baba mdogo ni mvuvi wa omena. Alikuwa ameweka akiba ya kununua injini ya mashua, na akiba hiyo ndiyo ingelipa karo. Aliniita, tukaketi wawili.

"Mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya kompyuta," akasema. "Kila usiku unatazama nyota kwenye hicho kioo. Niambie kweli. Zinalipa?"

"Baba, mimi hazinilipi hata shilingi," nikamjibu. "Kinachonilipa ni ile kazi nyingine. Lakini ujuzi ni ule ule."

Nilimweleza yote bila kupaka asali. Kwamba nafasi za kazi ya falaki Afrika Mashariki zinahesabika. Kwamba zipo hata hivyo: juu ya mlima Entoto, Addis Ababa, kuna darubini mbili za mita 1, na Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, kinafundisha somo hilo. Kwamba Kenya si mgeni katika shughuli hii: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Setilaiti hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba mikusanyiko mikubwa ya galaksi imejaa gesi yenye joto kali. Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, lakini Wakenya waliozisoma takwimu zake walikuwa wangapi? Nilimwambia pia kwamba kijana anayeweza kusafisha orodha ya galaksi anaweza kusafisha orodha ya wagonjwa, ya mvua au ya mikopo.

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Hizo galaksi zilizobanana, gesi ikiisha, zinapata wapi nyingine?"

"Hazipati, Baba. Mwishowe zinaungana na kuwa moja kubwa, iliyozeeka."

"Basi ni kama hapa," akasema. "Mashua zimejaa, samaki wamepungua, na bado mimi nataka kuongeza injini."

Sikumwambia afanye nini. Si haki yangu, na anayekaa ziwani usiku kucha ni yeye. Baada ya siku tatu alinipigia simu: atalipa muhula wa kwanza, mimi nichukue wa pili, na baada ya hapo tutaangalia. Injini imesubiri. Siwezi kuwaahidi kwamba tumeamua vyema. Mtu anayeahidi mambo ya miaka minne ijayo anauza kitu. Najua tu kwamba mimi nami sasa nimeweka fedha pale nilipokuwa nimeweka maneno.

Kabla ya kwenda chuo nilimpa mdogo wangu kazi ya kupitia picha za makundi. Alipofika HCG 79, kundi linaloitwa Sita wa Seyfert, aliiangalia safu ya mwendo, akanyoosha kidole kwenye galaksi ndogo ya duara. "Kaka, huyu si wa mashua hii." Kweli, galaksi hiyo iko mbali kuliko wenzake kwa zaidi ya mara nne. Wanafalaki wanalijua hilo kitambo, na hata yule wa sita si galaksi, ni mkia wa nyota uliovutwa kutoka kwa mmojawao. Lakini yeye hakuwa ameambiwa. Aliiona kwenye namba, mwenyewe, akiwa Karungu, kwa bando la simu.

Kwa yeyote anayetaka kujaribu: huhitaji ruhusa ya mtu. Orodha ya Hickson, takwimu za WISE na picha za anga zipo kwenye mtandao. Anza na kundi moja, si mia. Pakua picha ya mwanga wa kawaida na ya infraredi, ziweke sambamba, na jiulize ni ipi inayong'aa zaidi katika ya pili kuliko ya kwanza. Hiyo inaficha moto. Kisha tafuta mwendo wa kila moja, uone nani wa familia na nani mpita njia. Jioni moja inatosha kuanza.

Na mkitaka kuinua macho, subirini Oktoba, saa tatu au saa nne usiku, mtazame kaskazini, juu. Hapo pana nyota za Pegasus, na Watano wa Stephan wako upande huo. Kwa macho hamtawaona, ni hafifu mno. Ila kwa kuwa tuko karibu na ikweta, tuna bahati ambayo Marseille hawana: baada ya miezi michache, upande wa kusini mtaona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, kwa macho matupu. Chagueni siku zisizo na mwezi. Huku kwetu kalenda yake ni rahisi: wavuvi wa omena wakiingia ziwani, nawe toka nje.